Alama dhaifu na maombi ya ubingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso: nifanye nini kabla ya kuomba mara ya tatu?

Meno Kaskazini Pemba ameuliza:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa Pemba, ambako ni daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya wilaya, na naomba ushauri wa watu waliokwisha kuipita njia ninayoitaka. Nilimaliza DDS, yaani shahada ya udaktari wa meno, Bara mwaka 2018, nikafanya mwaka wa utarajali, kisha nikarudi nyumbani kufanya kazi. Azma yangu tangu nikiwa mwanafunzi ni ubingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Nimekwisha kuomba mara mbili, katika vyuo viwili tofauti vya Afrika Mashariki, na mara zote mbili nimekataliwa bila hata kuitwa kwenye usaili.

Sababu hazihitaji mpiga ramli. Mwaka wa kwanza nilianguka anatomia, nikarudia mtihani na kupata C. Mwaka wa nne nikapata C nyingine katika upasuaji wa kinywa, yaani somo lile lile ninalotaka kulibobea. Masomo mengine mengi ni B, na machache ni A, lakini hizo C mbili zimekaa mahali pabaya mno. Sina chapisho hata moja. Barua zangu za mapendekezo ziliandikwa na walimu wawili waliokuwa na wanafunzi wengi, na kusema kweli sidhani kama walipokuwa wakiziandika waliikumbuka sura yangu.

Kazi yangu ya kila siku ni kung'oa meno, kufungua majipu, kuziba matundu pale vifaa vinapokuwepo, na kufunga kwa waya mataya yaliyovunjika, hasa ya vijana wa bodaboda, kabla ya kuwapeleka Unguja kwa boti. Naulizia mambo matatu. Je, nisome kwanza shahada ya uzamili ya afya ya jamii ili alama zile za zamani zifunikwe na alama mpya? Je, nijaribu Marekani, kwa kuwa nasikia kule wanaangalia mtihani mmoja tu? Au nikubali kwamba riziki yangu imeandikwa kwenye magego, nitulie?

Kijana wa Chake amejibu:

Kaka, omba tena tu. Mambo haya ni bahati, na mwaka mwingine wanaweza kukuchukua kwa makaratasi hayo hayo.

Mzee wa Thieta amejibu:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nimekuwa katika fani hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo nimekaa mara kadhaa upande wa pili wa meza, pale maombi yanapopitiwa. Namheshimu kijana wetu wa Chake, lakini ushauri wake ndio uliokwisha kukugharimu mwaka mmoja, kwa sababu nadhani mara ya pili ulipeleka makaratasi yale yale ya mara ya kwanza na kubadilisha tarehe tu. Kama nimekukosea, nisamehe.

Anayepitia maombi huwa na majalada mengi na nafasi chache, na hana nia mbaya na mtu yeyote. Akifika kwenye C yako ya anatomia anajiuliza jambo moja: huyu nikimpa kisu, atajua anapita wapi? Swali hilo halijibiwi na cheti cha semina ya uongozi, wala na cheti cha kompyuta, wala na shahada ya afya ya jamii, hata kama umeipata kwa alama za juu kabisa. Shaka ya anatomia hujibiwa na anatomia, shaka ya mikono hujibiwa na mtu aliyeiona mikono yako, na shaka ya kukosa utafiti hujibiwa na kazi moja ndogo uliyoimaliza. Waombaji wengi dhaifu ninaowaona wamejaza vyeti kumi na viwili, na hakuna hata kimoja kinachogusa udhaifu wao.

Tuanze na anatomia, maana ndipo penye jeraha. Fungua upya kichwa na shingo kuanzia mwanzo, lakini usisome kwa kukariri kama ulivyosoma mwaka wa kwanza. Soma kwa kumfuata mgonjwa wa siku hiyo. Umefungua jipu chini ya taya? Basi usiku huo jiulize kwa nini tunafundishwa kuweka mkato sentimita 1.5 hadi 2 chini ya ukingo wa taya badala ya kukata palepale juu ya uvimbe. Jibu ni lile tawi dogo la neva ya uso linaloendesha mdomo wa chini, ambalo kwa baadhi ya watu hushuka chini ya ukingo wa taya. Ukilikata, mgonjwa wako ataondoka bila usaha lakini kila akicheka mdomo utakwenda upande. Ukisoma hivyo kwa mwaka mzima, utakapokaa mbele ya wasaili hutakuwa unatafuta maneno. Na kama hospitali yako hupokea wanafunzi wa stashahada wanaokuja kwa mazoezi, jitolee kuwafundisha sehemu hiyo kila wiki, kisha msimamizi wao athibitishe kwa barua kwamba ulifundisha. Mtu aliyeanguka anatomia mwaka wa kwanza na miaka kadhaa baadaye akawa anaifundisha amekwisha kulijibu swali kabla halijaulizwa.

Jambo la pili ni daftari la kesi. Sizungumzii rejesta ya hospitali, nazungumzia daftari lako mwenyewe, lenye tarehe, umri na jinsia ya mgonjwa bila jina lake, tatizo, kilichofanyika, nani alisimamia, na mwisho wake ulikuwaje. Weka safu maalumu ya kuonyesha kama ulitazama tu, ulisaidia, ulifanya ukisimamiwa, au ulifanya peke yako. Usipunguze na usiongeze. Niliwahi kumsaili kijana aliyeandika kwamba amekata taya kwa uvimbe wa ameloblastoma. Nilipomuuliza aliacha mfupa mzima kiasi gani nje ya mpaka wa uvimbe kwenye picha, akanyamaza. Ameloblastoma ya kawaida huingia ndani ya mfupa unaoonekana mzima kwenye eksirei, ndiyo maana wapasuaji huondoa sentimita 1 hadi 2 zaidi ya mpaka unaoonekana, na ndiyo maana ukiikwangua tu mara nyingi hurudi. Yule kijana alikuwa ameshika mrija wa kufyonza damu tu. Angeandika hivyo, asingepungukiwa na kitu.

Tatu ni barua, na hapa ndipo watu wa visiwani tunapojidhulumu. Barua inayosema kwamba fulani ni mchapakazi, ana tabia njema na anafika kazini mapema, hata ikiwa na muhuri wa profesa, ni sawa na kutopeleka barua. Chukua likizo yako ya mwaka, omba kwa maandishi kujishikiza kwenye kitengo cha upasuaji wa kinywa cha hospitali kubwa, na ukae hapo wiki zote ulizopewa. Fika kabla ya raundi ya wadi, soma majalada ya wagonjwa wa kesho, beba sampuli maabara, badilisha bandeji, uliza swali moja zuri kwa siku badala ya maswali kumi ya kujionyesha. Kisha omba barua kwa bingwa aliyekuona ukifanya hayo, na mpe daftari lako na nakala ya transkripti yako pamoja na zile C. Mdhamini anayezijua alama zako mbaya na bado anaandika kwamba angefurahi kukufundisha anakubalika zaidi kuliko asiyezijua, kwa sababu msomaji anaona kwamba ameipima hali yako yote.

Kuhusu maelezo binafsi ya kuomba, alama mbaya zitaje kwa sentensi mbili, kisha uendelee na mengine. Usisimulie misiba yote ya ukoo. Na wala usikae kimya kabisa, kwa sababu zitaonekana tu, na ukimya wako utafasiriwa na mtu asiyekujua.

Mzanzibari Ughaibuni amejibu:

Naomba nijibu lile la Marekani, kwa sababu nimeishi na kufanya kazi huku katika fani ya meno na naona ndugu yetu amesikia nusu ya habari.

Ni kweli kwamba mtihani mmoja una uzito mkubwa, nao ni CBSE, wenye maswali 200 ya sayansi za msingi: anatomia, fiziolojia, patholojia, famakolojia, maikrobiolojia na mengineyo, kwa kiwango cha wanafunzi wa udaktari wa binadamu. Ulipata uzito huo kwa sababu mwaka 2012 matokeo ya mtihani wa zamani wa bodi ya meno, sehemu ya kwanza, yaliacha kutolewa kwa alama na kuwa ya kufaulu au kutofaulu tu, kwa hiyo programu za upasuaji zikahitaji kipimo kingine cha kuwatenganisha waombaji. Mwaka 2020 ukaja mtihani mmoja wa bodi uitwao INBDE, nao pia hautoi alama kwa anayefaulu. Kwa mwombaji wa huku mwenye alama dhaifu za chuo, CBSE nzuri ndiyo njia iliyo wazi zaidi ya kujikomboa, na wengi huufanya zaidi ya mara moja.

Lakini kuna nusu ya pili ya habari. Programu za upasuaji wa kinywa huku ni karibu 100 tu, baadhi za miaka 4 na nyingine za miaka 6 zinazojumuisha shahada ya udaktari wa binadamu, na nyingi hutaka shahada ya meno iliyopatikana Marekani au Canada. Zipo zinazopokea waliosoma kwengine, ila ni chache na ushindani wake ni mkali. Wengi wa wenzetu wanaofika huanza kwa kusoma upya meno kwa miaka 2 au 3 katika programu za madaktari wa kigeni, ambazo ada zake ni za kutisha, ndipo waombe upasuaji wakiwa na shahada ya huku. Wengine hupata nafasi ya mwaka mmoja ya utarajali wa upasuaji isiyo na ahadi ya kuendelea: unafanya kazi usiku na mchana, na mwisho wa mwaka unaomba upya ukiwa na barua za watu waliokuona ukichoka bila kukimbia. Njia hiyo imewaingiza wengi waliokuwa wamekataliwa. Imewarudisha nyumbani wengi pia.

Na kama mtu atakuambia ujaribu Uingereza, ujue kwamba kule upasuaji wa kinywa, taya na uso unahesabiwa kuwa tawi la udaktari wa binadamu, na mwenye kuuingia huhitaji shahada zote mbili, ya meno na ya udaktari. Kwa mtu aliyeajiriwa Pemba na mwenye familia, ni safari ya zaidi ya muongo mmoja.

Mimi singeanzia huku. Hata hivyo, vitabu vya maandalizi ya CBSE ni vizuri kwa lile alilolisema Mzee la kusoma upya, hata kama mtihani wenyewe hutaufanya kamwe.

Bi Mwanakwerekwe amejibu:

Nakubaliana na Mzee kwa mengi, ila naona wanaume wamezungumza kana kwamba mtu akishapata nafasi basi kazi imekwisha. Mimi nilipata nafasi. Nilisailiwa, nikakubaliwa, nikapewa tarehe ya kuripoti, na nikaikosa kwa sababu barua ya ruhusa ya masomo ilikaa katika ofisi moja, juu ya meza ya mtu mmoja, hadi dirisha la usajili likafungwa. Nilikwenda pale mara saba. Mara ya saba nilikuta barua yangu iko chini ya kikombe cha chai, imepata duara la rangi ya kahawia juu ya jina langu, na nikaambiwa mkubwa yuko safarini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, pamoja na daftari la kesi fungua jalada jengine la mwajiri. Hakikisha jina lako limo katika mpango wa mafunzo wa taasisi yako kabla ya kuomba chuo, kwa sababu mpango huo hupangwa mapema na asiyekuwemo huambiwa asubiri mwaka mwengine. Andika barua ya kueleza kwa nini Pemba inahitaji mtu wa fani hii, na tumia hesabu zako mwenyewe: ni mataya mangapi yaliyovunjika uliyoyapeleka Unguja mwaka jana, wagonjwa wangapi walilipa nauli ya boti na kulala kwa jamaa ili tu kufungwa waya, wangapi hawakwenda kabisa. Hesabu hizo zitakusaidia mara mbili, maana kamati za vyuo nazo hupenda kumfundisha mtu anayejua atarudi wapi na kufanya nini. Suala la ada nalo lisiachwe hadi mwisho. Nenda mapema ukaulizie masharti ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, na usiridhike na maneno ya watu wa barazani.

Kuhusu shahada ya afya ya jamii: isome kama unaipenda afya ya jamii. Ninamjua mwenzetu aliyeisoma ili kufunika alama, na kila usaili aliulizwa kwa nini anakimbia fani aliyokwisha kuisomea. Ilimlazimu kujieleza kwa mambo mawili badala ya moja.

Tena usifungie macho mlango mmoja. Muhimbili wana uzamili wa fani hii, Makerere wanao, Nairobi wanao. Masharti ya kila chuo hutofautiana, na kwa sisi tuliosoma shahada zisizo na madaraja, vyuo hupenda kuangalia alama ya somo lenyewe unaloliomba. Yasome mwenyewe mstari kwa mstari kabla ya kulipa ada ya maombi. Kama sharti ni B katika upasuaji na wewe una C, mwandikie mratibu wa programu umuulize moja kwa moja iwapo uzoefu wa kazi unaweza kuzingatiwa. Jibu la hapana litakuokoa fedha na mwaka mmoja wa kungojea.

Meno Kaskazini Pemba amejibu:

Nawashukuru sana nyote, na Mzee hukunikosea hata kidogo: ni kweli nilibadilisha tarehe tu. Nimesoma majibu yenu mara tatu, na nimekwisha kununua daftari.

Naomba niulize kuhusu utafiti, kwa sababu hapo ndipo ninapojiona mtupu kabisa. Nina kesi moja ambayo haijanitoka akilini. Mwaka jana, usiku wa manane, aliletwa mvuvi wa makamo ambaye alikuwa ameumwa na gego la chini kwa siku nyingi na kulipaka dawa za kienyeji. Chini ya kidevu alikuwa amevimba pande zote mbili, na ule uvimbe ulikuwa mgumu kama ubao. Ulimi umeinuliwa hadi juu, mate yanamchuruzika, amekaa ameinama mbele na kukataa kulazwa chali, na sauti yake imekuwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikajua ni uvimbe wa Ludwig, yaani maambukizi yanayosambaa chini ya ulimi na taya, na kwamba adui yetu wa kwanza ni pumzi. Boti ilikuwa haipo hadi asubuhi. Tulimwekea dripu na antibiotiki za mshipani, nikamwita mtaalamu wa usingizi akakaa kichwani kwake na vifaa vya njia ya hewa, naye akasema kumlaza kwa nusu kaputi ni hatari kuliko kumwacha alivyo. Nikafungua kwa sindano za ganzi akiwa amekaa, mkato mmoja kila upande chini ya taya na mmoja chini ya kidevu. Nilitegemea usaha mwingi, lakini yalitoka maji machache ya rangi ya kahawia yenye harufu ambayo shati langu halikuiacha kwa siku mbili. Niliweka mipira ya kutolea uchafu, nikamng'oa gego la tatu la chini kushoto alipoweza kufungua mdomo, na siku ya nane akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Je, kesi moja kama hii inafaa kuandikwa? Au utafiti wa maana ni ule wa wagonjwa mia na hesabu za kompyuta?

Mzee wa Thieta amejibu:

Inafaa, na ningependa kuisoma. Ila kabla ya hilo nina swali, na nataka ulijibu bila kufungua kitabu: kwa nini gego la tatu lilipeleka maradhi chini ya taya, ilhali jino la mbele zaidi mara nyingi lingeyapeleka chini ya ulimi kwanza?

Meno Kaskazini Pemba amejibu:

Kwa sababu ya msuli wa mailohaiodi, ambao ndio sakafu ya kinywa. Msuli huo umejishika upande wa ndani wa taya kwa mstari wa mshazari, juu kwa nyuma na chini kwa mbele. Mizizi ya gego la pili na la tatu hufika chini ya mstari huo, kwa hiyo usaha ukitoboa mfupa upande wa ndani unaangukia kwenye nafasi iliyo chini ya taya. Mizizi ya meno ya mbele yake huishia juu ya mstari, na usaha wake hubaki chini ya ulimi. Kisha nafasi hizo mbili zinakutana nyuma, kwenye ukingo wa msuli, ndiyo maana maradhi yalizunguka, yakapanda juu na kuvuka hadi upande wa pili.

Sikufungua kitabu, wallahi. Nilikisoma usiku ule ule baada ya mgonjwa kutulia.

Mzee wa Thieta amejibu:

Basi C yako ya anatomia imeanza kuzeeka. Jibu hilo liandike ndani ya kesi, katika sehemu ya majadiliano, kwa maneno yako hayo hayo.

Sasa taratibu zake. Kwanza idhini ya mgonjwa kwa maandishi, kwa Kiswahili, ikieleza kwamba habari zake na picha zake zitachapishwa bila jina. Usianze kuandika kabla hujaipata. Pili, zungumza na uongozi wa hospitali yako, na uulize kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya ya Zanzibar. Ukija baadaye kukusanya kesi zote za majipu ya shingo kutoka kwenye rejesta ya miaka mitano, jambo ambalo ningelipenda zaidi, kibali hicho ni lazima. Tatu, kwa ajili ya kusoma makala za wengine, uliza kama taasisi yako imesajiliwa na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, ambao unafungua majarida mengi bure au kwa gharama ndogo kwa nchi zetu. Usije ukachapisha kwa wale wanaokutumia barua pepe za kukusifu na kukuahidi chapisho ndani ya siku tatu ukilipa. Jarida la aina hiyo likionekana kwenye wasifu wako linakuharibia kuliko kutokuwa na chapisho.

Usiandike kwamba ulimwokoa. Andika saa aliyofika, joto lake, alifungua mdomo milimita ngapi, dawa gani kwa kipimo gani, na kwa nini wewe na mtaalamu wa usingizi mliamua mlivyoamua. Uamuzi ule wa kutomlaza ndio kiini cha kesi yako, kwa sababu ulifanywa na watu wawili wenye vifaa vichache waliojua mipaka yao. Na huyo mtaalamu wa usingizi awe mwandishi mwenzako. Baadaye anaweza kuwa mdhamini wako mmoja, maana alikuona.

Bi Mwanakwerekwe amejibu:

Na fomu ya idhini itoe nakala mbili, moja abaki nayo mwenyewe. Kama hasomi, awepo shahidi wa upande wake, si muuguzi wako.

Meno Kaskazini Pemba amejibu:

Nimeelewa. Fomu nimeiandika jana na mwenzangu wa usingizi ameisahihisha mahali pawili. Mgonjwa mwenyewe nimemuulizia kijijini kwao, nikaambiwa amekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, na wenzake na watarudi bamvu likipita, yaani wiki ijayo. Mwanawe amenipa jina la chombo. Nitakwenda kumngojea dikoni asubuhi, kabla samaki hawajapigwa mnada, na nakala mbili kama alivyosema dada.